Kupima Uhalali wa Hojaji ya Dhiki ya Kisaikolojia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi anayeandika tasnifu, muuguzi anayefanya utafiti mdogo kliniki, na yeyote aliyekabidhiwa hojaji ya dhiki akaambiwa ahakikishe inafaa kabla ya kuitumia.

Dhiki ya kisaikolojia ni nini, na inatofautianaje na ugonjwa wa akili?

Ni mateso ya nafsi yanayojitokeza kwa huzuni, wasiwasi, kukata tamaa, kutotulia, na uchovu hata pale ambapo mtu hakufanya kazi nzito. Mara nyingi mwili nao husema: usingizi hupotea, kichwa huuma, hamu ya chakula hukatika. Aliyefiwa juzi anaweza kuwa na dhiki kubwa bila ugonjwa wowote wa akili, na mwenye ugonjwa uliotulizwa na dawa anaweza kuwa na dhiki ndogo tu. Kwa hiyo hojaji ya dhiki haitaji jina la ugonjwa. Huhesabu dalili na ukali wake katika muda uliotajwa, basi. Ukiandika kwenye ripoti kwamba washiriki kadhaa "wana sonona" kwa kutegemea hojaji peke yake, umesema zaidi ya ulichopima.

Tunaposema hojaji ni halali, tunamaanisha nini?

Wengi huzungumza kana kwamba uhalali ni muhuri: hojaji ikishagongwa, inao popote iendako. Sivyo. Kinachothibitishwa ni maana tunayoipa alama, kwa watu fulani na kwa kazi fulani. Hojaji hiyohiyo inaweza kufaa kwa kulinganisha wastani wa makundi mawili, lakini isifae kuamua nani apelekwe kwa daktari.

Mwaka 1955 wanasaikolojia Lee Cronbach na Paul Meehl walieleza kwamba kipimo cha kitu kisichoonekana kwa macho huthibitishwa kwa ushahidi wa aina nyingi unaokubaliana na nadharia ya kitu chenyewe. Viwango vya upimaji wa kielimu na kisaikolojia vinavyofuatwa Marekani, toleo la 2014, vinataja vyanzo vitano vya ushahidi huo: maudhui ya maswali, namna wahojiwa wanavyofikia majibu yao, muundo wa ndani wa hojaji, uhusiano wa alama na mambo mengine, na matokeo ya kuitumia. Huhitaji kuvimaliza vyote katika utafiti mmoja. Unahitaji kujua umegusa vipi na umeacha vipi, na kulisema hilo waziwazi.

Hojaji niliyoichagua imeshathibitishwa na watafiti wengine. Kwa nini nihangaike tena?

Kwa sababu ilithibitishwa kwa watu wale, kwa lugha ile, kwa lengo lile. Tazama maswali ya mwili. Hojaji ya SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 20 ya ndiyo au hapana, inauliza kuhusu kuumwa kichwa, hamu mbaya ya chakula, usingizi mbovu, mikono kutetemeka na matatizo ya tumbo. Kwa mtu mwenye afya njema ya mwili, majibu ya "ndiyo" hapo yanaweza kuashiria dhiki. Kwa mjamzito, au mgonjwa anayetumia dawa kali, majibu hayohayo yanaweza kuwa habari za ujauzito au dawa. Alama inapanda na dhiki haijapanda.

Kama hojaji imeshachunguzwa vizuri kwa watu wanaofanana sana na wako, kwa lugha ileile, kazi yako inapungua. Haiishi, lakini inapungua: muundo wa ndani na uthabiti wa alama unaweza kuvikagua katika data yako mwenyewe.

Nichague hojaji ipi kati ya zilizopo?

Anza na kazi unayotaka ifanye, kisha soma maswali yenyewe neno kwa neno. Zinazotumika zaidi ni hizi.

K10 ya Ronald Kessler na wenzake ina maswali 10 kuhusu siku 30 zilizopita, kila moja na ngazi tano za majibu, hivyo alama huanzia 10 hadi 50. Ina mdogo wake, K6, wenye maswali 6. Ilitungwa kwa tafiti kubwa za jamii, na ufupi ndio nguvu yake. SRQ-20 ilitungwa kwa ajili ya huduma za afya ya msingi, na majibu yake ya ndiyo au hapana humfaa sana mtu anayesomewa maswali kwa mdomo. HSCL-25 hutenganisha wasiwasi (maswali 10) na sonona (maswali 15). Wastani wa 1.75 umezoeleka sana kama mpaka wa kuwatenga wenye dhiki na wasio nayo, wakati mwingine bila kuhojiwa.

GHQ-12, inayotokana na kazi ya David Goldberg ya mwaka 1972, inahitaji uangalifu wa pekee. Majibu yake humtaka mtu ajilinganishe na hali yake ya kawaida: "si zaidi ya kawaida", "zaidi kidogo kuliko kawaida". Sasa mfikirie aliyeishi na dhiki kwa miaka. Hiyo ndiyo kawaida yake, na anaweza kujibu kwa ukweli mtupu akaonekana hana tatizo. Ukitafuta watu wenye dhiki sugu, hili ni pengo kubwa.

Kutunga hojaji mpya kuwe njia ya mwisho, ingawa kuna pahali pake. Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake walitunga hojaji ya maswali 14 kwa Kishona, iliyochapishwa 1997, kwa kuanzia kwenye maneno ambayo wagonjwa wenyewe hutumia, likiwemo lile la kufikiri kupita kiasi. Kazi ya namna hiyo inalipa, lakini ni mradi kamili. Usidhani utaiingiza katikati ya tasnifu yenye lengo jingine.

Nimetafsiri na mtu mwingine akarudisha kwenye lugha ya asili. Inatosha?

Haitoshi. Tafsiri ya kurudisha, iliyoenezwa na Richard Brislin mwaka 1970, hukamata makosa ya wazi. Lakini tafsiri ya neno kwa neno hurudi ikiwa safi kabisa hata kama msomaji wa kawaida haielewi, kwa kuwa anayeirudisha anajua lugha zote mbili na hubahatisha kilichokusudiwa. Tumia watafsiri wawili wasiowasiliana, kaeni na mtu wa tiba ya akili na mtu asiye na taaluma hiyo, mkubaliane toleo moja, ndipo mlirudishe. Baadaye lipelekeni kwa wahojiwa.

Uhalali wa maudhui hupimwaje?

Wataalamu husoma kila swali na kusema kama ni la lazima, na kama kuna upande wa dhiki ulioachwa. Njia ya Charles Lawshe ya mwaka 1975 ni rahisi: chukua idadi ya waliosema swali ni la lazima, toa nusu ya wataalamu wote, kisha gawanya kwa nusu hiyo. Wataalamu wakiwa 10 na wanane wakasema ni la lazima, unapata 0.60. Jedwali la Lawshe linadai angalau 0.62 kwa watu 10, kwa hiyo wanane hawatoshi, unahitaji tisa.

Namba hiyo isikuzuie kusoma maoni waliyoandika pembeni. Na kati ya "wataalamu" wako waweke watu waliowahi kupitia dhiki hiyo. Profesa anajua uainishaji wa magonjwa. Aliyelala macho wazi miezi mitatu anajua swali lipi linagusa na lipi linapita kando.

Nini kinakosekana zaidi katika tafiti nyingi?

Kumuuliza mhojiwa alivyoelewa swali. Kama una muda wa kuongeza kitu kimoja tu, ongeza hiki.

Unakaa na watu wachache mmoja mmoja, wa umri na elimu tofauti, wake kwa waume. Unamsomea swali, anajibu, halafu unamwomba aeleze: umelielewa vipi? Ulipofikiria jibu, ulikumbuka nini? "Mara nyingi" kwako ni mara ngapi? Kwa nini umechagua hili na si lile? Unarekebisha, unaenda kwa kundi jingine, mpaka matatizo mapya yaishe. Duru mbili au tatu za watu watano hadi kumi huibua mengi.

Utakayoyasikia hayaonekani kwenye takwimu yoyote. Swali la "kujiona huna thamani" mtu analielewa kuwa ni kukosa fedha. Swali la "kushindwa kufanya shughuli zako" analijibu kwa kuzungumzia mgongo wake. Muda wa "siku 30 zilizopita" unasahaulika kufikia swali la nne, na mtu anaanza kusimulia maisha yake yote. Wengine wanaelewa kila kitu vizuri, ila wanaona aibu kukubali mbele ya kijana wa umri wa mtoto wao. Kila moja ya hali hizi hubadilisha maana ya alama, na hojaji inaweza kuwa nayo huku ikitoa takwimu za kupendeza.

Alfa ya Cronbach imetoka 0.85. Si ndiyo tayari ni halali?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloonekana zaidi katika ripoti. Alfa, iliyotokana na makala ya Cronbach ya 1951, inaeleza jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja. Haisemi yanakwenda pamoja kuhusu nini. Maswali ishirini kuhusu maumivu ya viungo yangetoa alfa nzuri sana na yasingepima dhiki.

Tena alfa hupanda kwa wingi wa maswali tu. Chukua maswali ambayo uwiano wa wastani kati yao (kiasi ambacho majibu hupanda na kushuka pamoja) ni 0.20, yaani hafifu. Yakiwa 10, alfa ni takriban 0.71. Yakiwa 20 yenye uhafifu uleule, inakuwa 0.83. Hakuna kilichoboreka isipokuwa urefu. Upande wa pili, alfa ya 0.95 na zaidi mara nyingi huonyesha kuwa unauliza jambo moja kwa maneno tofauti na kumchosha mtu bure. Toa pia omega ya McDonald, kipimo kingine cha uthabiti ambacho hakilazimishi maswali yote yawe na uzito sawa.

Alama isiyo thabiti haiwezi kuwa halali, hilo ni kweli. Lakini uthabiti ni sharti la kuingilia mlangoni tu.

Kurudia hojaji kwa watu walewale: baada ya muda gani?

Wiki moja hadi mbili kwa kawaida. Muda ukiwa mfupi mno, mtu anakumbuka majibu yake. Ukiwa mrefu mno, dhiki yenyewe imebadilika na utailaumu hojaji kwa kosa lisilo lake. Waulize mara ya pili kama kuna jambo kubwa limetokea katikati, na uchambue pia ukiwaacha pembeni waliosema ndiyo. Tumia mgawo wa uwiano wa ndani ya kundi (ICC), unaoangalia kama alama zenyewe zinalingana, kwa sababu uwiano wa kawaida wa Pearson hautaona ikiwa kila mtu ameshuka kwa alama tano.

Uchambuzi wa faktari unatafuta nini?

Unatafuta kama maswali yanajikusanya jinsi nadharia inavyodai: fungu moja la dhiki kwa jumla, au mafungu mawili, la wasiwasi na la sonona. Kama muundo umeshapendekezwa na watangulizi, fanya uchambuzi wa kuthibitisha. Wa kuchunguza ufanye pale ambapo hujui utakuta nini, na usifanye vyote viwili kwa watu walewale; gawa sampuli.

Mipaka iliyopendekezwa na Hu na Bentler mwaka 1999 kwa vielezo vya jinsi muundo unavyolingana na data (CFI karibu na 0.95 au zaidi, RMSEA karibu na 0.06 au chini, SRMR karibu na 0.08 au chini) ni mwongozo, wala haikukusudiwa kuwa sheria. Majibu yakiwa ya ngazi chache au ndiyo na hapana, tumia njia ya makadirio inayotambua hilo. Kuyachukulia kama namba endelevu hupotosha.

Jihadhari na mafungu ya bandia. GHQ-12 imechanganya maswali yaliyoandikwa kwa upande mzuri na yaliyoandikwa kwa upande mbaya, na tafiti nyingi zimepata mafungu yanayofuata mgawanyiko huo huo wa uandishi. Ukiona maswali ya upande mzuri yamejitenga, jiulize kwanza kuhusu uandishi kabla ya kutangaza aina mpya ya dhiki.

Nilinganishe alama na nini?

Na vitu vinavyopaswa kuhusiana nayo, na vitu visivyopaswa. Donald Campbell na Donald Fiske walisisitiza pande zote mbili mwaka 1959, na upande wa pili bado unasahaulika. Alama ya dhiki itarajiwe kwenda na hojaji nyingine ya sonona, kushindwa kufanya kazi, na usingizi mbovu. Itarajiwe kuhusiana kidogo sana na, kwa mfano, tabia ya mtu ya kujibu ili apendeze.

Andika matarajio yako kabla ya kuona data: mwelekeo na ukubwa. "Nategemea uwiano wa 0.5 hadi 0.7" ni dai linaloweza kushindwa. "Nategemea uhusiano wenye umuhimu wa kitakwimu" karibu haliwezi kushindwa ukiwa na watu mia nne. Kumbuka pia kuna dari: kama uthabiti wa hojaji moja ni 0.80 na wa nyingine ni 0.70, uwiano unaotarajiwa kati yao hauzidi takriban 0.75 hata kama zinapima kitu kilekile.

Alama ya mpaka ninaipataje? Siwezi kuchukua iliyo kwenye kitabu?

Hapa ndipo watu halisi huumia au kusaidika, kwa hiyo usiende haraka.

Unahitaji kipimo cha rejea: mahojiano ya kitabibu yenye mpangilio, kama MINI au SCID, yanayofanywa na mtu aliyefunzwa na ambaye hajui alama ya hojaji. Yafanyike ndani ya siku chache baada ya hojaji. Kisha kwa kila mpaka unaowezekana unakokotoa usikivu (kati ya wenye tatizo, wangapi wamekamatwa) na umahususi (kati ya wasio na tatizo, wangapi wameachwa kwa haki). Mkunjo wa ROC, yaani mchoro wa usikivu na umahususi kwa kila mpaka, unaonyesha mabadilishano yote, na eneo chini yake linakupa muhtasari: 0.5 ni kubahatisha, 1 ni ukamilifu.

Kisha uchague. Kielezo cha Youden hutoa mpaka unaoongeza jumla ya usikivu na umahususi, lakini kinachukulia kwamba kumkosa mgonjwa na kumsumbua asiye mgonjwa ni hasara sawa. Je, kwako ni sawa? Kama waliokamatwa wanapata mazungumzo ya nusu saa na muuguzi, shusha mpaka uwapate wengi. Kama kuna mtaalamu mmoja tu wa kuwaona wote, hesabu inabadilika.

Hata mpaka mzuri hubadilika maana ukihama mahali. Tuseme usikivu ni 80% na umahususi 80%. Katika watu 1,000 wa jamii ambamo 100 wana tatizo, utawakamata 80 kwa haki na 180 kwa makosa. Kati ya waliokamatwa, 31% tu ndio wenye tatizo. Peleka hojaji hiyohiyo kliniki ambako 400 kati ya 1,000 wana tatizo: 320 kwa haki, 120 kwa makosa, yaani 73%. Karatasi haijabadilika hata herufi. Ndiyo maana mpaka wa K6 wa alama 13 kati ya 24 (hapa kila jibu huhesabiwa kuanzia 0, si 1), uliowekwa kwa kutambua ugonjwa mkubwa wa akili Marekani, usiuhamishe kama ulivyo.

Kosa moja la mwisho hapa: kuwafanyia mahojiano ya rejea wale tu wenye alama za juu. Usikivu utaonekana mzuri kuliko ulivyo, kwa kuwa hukuwaona waliokosewa. Chukua pia sampuli ya nasibu ya wenye alama za chini, na urekebishe kwa uzito wakati wa uchambuzi.

Sampuli iwe ya watu wangapi?

Inategemea swali. Kwa uchambuzi wa faktari, wengi hutumia kanuni ya watu 10 kwa kila swali, na chini ya 200 matokeo huyumba. Kwa usikivu, kinachohesabika ni idadi ya wenye tatizo. Ukitarajia usikivu wa 80% na unataka kosa lisizidi asilimia 10 juu au chini, unahitaji takriban watu 62 wenye tatizo. Kama ni mmoja kati ya kila kumi, hiyo ni sampuli ya watu 620. Lifikirie hili kabla ya kuomba fedha.

Naweza kulinganisha wanaume na wanawake moja kwa moja?

Baada ya kukagua kama maswali yanafanya kazi sawa kwa wote. SRQ-20 inauliza kama mtu analia kuliko kawaida. Mwanamume na mwanamke wenye dhiki ya kiwango kilekile wanaweza kulijibu tofauti kwa sababu ya malezi, na tofauti ya wastani ikatoka kwenye swali hilo peke yake. Kagua hatua kwa hatua: muundo uleule, uzito uleule wa maswali, kisha vianzio vilevile (wenye dhiki sawa wapate alama sawa kwenye swali). Bila hatua ya tatu, usilinganishe wastani. Hali ni hiyohiyo kwa lugha, umri, na tofauti ya kujaza mwenyewe na kusomewa.

Hojaji ina swali la kutaka kujiua. Nifanye nini mtu akijibu ndiyo?

Jibu liwe tayari kabla ya mhojiwa wa kwanza. SRQ-20 inalo swali hilo, na PHQ-9, hojaji ya sonona yenye maswali tisa, inalo pia, la tisa. Kuuliza hakumpandikizi mtu wazo hilo. Kuuliza kisha kutofanya lolote ndiko kunakomwacha peke yake. Itifaki itaje nani anapigiwa simu siku hiyohiyo, nani anabaki na mhojiwa mpaka msaada upatikane, na mipaka ya usiri ilivyoelezwa wakati wa kuomba ridhaa. Majibu yasomwe kabla mtu hajaondoka. Ukigundua baada ya wiki tatu, ukiingiza data, umechelewa.

Kulifuta swali ili kukwepa wajibu kunawezekana, na wengine hufanya hivyo kwenye tafiti za posta au mtandaoni ambako hawawezi kumfikia mtu. Basi sema umelifuta, na usitumie mipaka ya alama ya toleo kamili.

Matokeo yakiwa mabaya, nibadilishe maswali mpaka yakae sawa?

Ripoti ulichopata. Kufuta maswali mawili na kuruhusu makosa matatu ya upimaji yahusiane mpaka RMSEA ishuke ni kuishona hojaji kwenye mwili wa sampuli moja. Kwa watu wengine haitakaa. Kama swali linasumbua, rudi kwa wahojiwa uwaulize, lirekebishe, ulijaribu kwa sampuli mpya. Na kama hojaji inayosifiwa sana imeshindwa kwa watu wako, chapisha hilo. Kuna kliniki mahali fulani inakaribia kuitumia kuamua nani asaidiwe.